Lilindeni Agano Lenu Mapema



Ni saa kumi na moja jioni, Hurlingham. Barabara ya Argwings Kodhek imejaa magari. Mume anapiga simu nyumbani: "Mama watoto, nitachelewa kidogo. Nangoja magari yapungue."

Hasemi uongo, magari ni mengi kweli. Lakini hangoji peke yake. Ameketi na mwanamke wanayefanya kazi pamoja, na kwa majuma kadhaa amekuwa akimweleza huzuni za nyumbani ambazo mkewe hajazisikia. Hajamgusa. Je, amekosa?

Daudi na Yusufu

Fungueni 2 Samweli 11. Wengi hukumbuka Bathsheba na kifo cha Uria, lakini kisa kinaanza mapema zaidi. Ulikuwa wakati wa wafalme kwenda vitani, naye Daudi akabaki Yerusalemu. Hakuwa mahali pake. Kisha akatazama. Kisha akauliza habari, akaambiwa wazi kwamba yule ni mke wa mtu. Hapo bado angeweza kurudi nyuma. Hakurudi, na mwisho wake ulikuwa uzinzi na damu ya mtu asiye na hatia.

Yusufu naye, katika Mwanzo 39, alikataa hata kukaa karibu na mke wa Potifa. Aliposhikwa vazi, aliliacha akakimbia. Alisingiziwa na kufungwa gerezani, lakini uaminifu wake haukuvunjika.

Agano si mkataba

Mkataba wa nyumba ya kupanga huisha pande mbili zikishindwana. Agano la ndoa ni kiapo mbele ya Mungu. Katika Malaki 2:13-16 nabii anawakemea waume waliolowesha altare kwa machozi huku wamewasaliti wake wa ujana wao. Sadaka zao hazikupokelewa, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye shahidi kati ya mtu na mkewe.

Ukitoka Hurlingham na kushuka Valley Road, unafika Uhuru Park. Hapo Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha Misa wakati wa Kongamano la 43 la Ekaristi, lenye mada ya Ekaristi na familia ya Kikristo. Mada hiyo ingali inatugusa: damu ya agano tunayoipokea altareni haitengani na ahadi tuliyoitoa altareni.

Basi tufanye nini?

Baba, huzuni ya nyumbani ipeleke nyumbani. Mazungumzo usiyoweza kuyaendeleza mkeo akiingia, yakatishe leo.

Mama, udhaifu wa mumeo usiwe hadithi ya majirani. Naye akianza kukufungulia moyo, msikilize kwanza, lawama zingoje.

Mkishindwa peke yenu, msione haya kumwendea padre au wanandoa wenye busara wa jumuiya yenu. Hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inawapa wanandoa Wakristo nafasi ya kutafuta upatanisho kanisani walikofungia ndoa.

Yule mume wa Hurlingham bado hajafika alikofika Daudi. Basi na ainuke, aende nyumbani, hata kama magari hayajapungua.

Maswali ya kuzungumza wawili

1. Ni jambo gani ninalomweleza mtu mwingine kabla ya kukueleza wewe?
2. Ni saa gani ya siku tunayohitaji kuilinda zaidi?
3. Tusome pamoja Mithali 5:15-19. Je, tungali tunafurahiana?