Nataka kuacha kazi niwe kocha wa namba tisa

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, ni afisa utumishi katika kampuni moja hapa Dodoma. Nasoma safu yako tangu nikiwa chuo, ila sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nitakuandikia.

Mwaka jana rafiki yangu alinitumia maswali ya Eneagramu, ule mfumo unaogawa watu katika tabia tisa. Nilitoka namba Mbili, yule anayemsaidia kila mtu halafu anaumia kimyakimya asiposhukuriwa. Shangazi, nililia. Tangu siku hiyo nasoma kila ninachokipata kuhusu elimu hii ya miaka elfu mbili. Wenzangu kazini wananifuata mchana tukila, niwaambie wao ni namba ngapi. Wanasema nina kipaji.

Sasa nataka kuacha kazi nifungue biashara ya ukocha wa maisha. Kuna kozi ya mtandaoni ya wiki sita inayotolewa nje kwa dola 2,400, takriban shilingi milioni sita. Kikoba chetu tunavunja mwezi ujao, nitapata milioni mbili na nusu. Zinazobaki nitakopa mzunguko mpya ukianza. Mshahara wangu ni laki nane na nusu. Wanasema ukishapata cheti unaweza kutoza hata 30,000 kwa saa.

Tatizo ni mume wangu. Nilipomweleza alinyamaza. Nikamwambia, "Ndiyo maana wewe ni namba Tisa, unakwepa kila jambo." Ni wiki ya pili sasa tunaongea habari za ada na umeme tu. Mama mkwe naye aliuona ule mchoro wa duara kwenye simu yangu, akasema hiyo ni ramli. Nifanyeje, Shangazi? Mimi niko tayari kuanza hata kesho.

Mama Wawili, Dodoma

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye yale maneno uliyomwambia mumeo. Nitayafikia. Naanza na mama mkwe, kwa sababu amesema jambo zito kuliko unavyodhani.

Ule mchoro hautoki kwa waganga. Aliyeuleta kwa watu wa Magharibi ni Gurdjieff, mwalimu wa mambo ya kiroho aliyezaliwa Armenia, ambaye aliufundisha huko Urusi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yeye hakuutumia kugawa watu kwa tabia. Tabia tisa zilibandikwa na Óscar Ichazo, mzaliwa wa Bolivia, aliyekuwa na shule yake katika mji wa Arica, kaskazini mwa Chile. Mwaka 1970 Wamarekani kadhaa walimfuata huko, na pamoja nao alikuwapo daktari wa akili wa Chile, Claudio Naranjo. Naranjo akaenda kufundisha California, mapadri Wajesuiti wakaipokea elimu hiyo na kuieneza kwenye mafungo yao, na miaka ya 1980 vitabu vikaanza kutoka. Kanisa Katoliki lenyewe halikukubaliana nayo: mwaka 2003 Vatican ilitoa waraka juu ya mafundisho ya kiroho ya zama hizi, na Eneagramu ikatajwa humo kwa tahadhari. Kwa hiyo ukikutana na mteja mwenye wasiwasi wa kidini, usimcheke. Hajaanza yeye.

Umeona basi kwamba ile "miaka elfu mbili" haipo. Yamo ndani yake mawazo ya zamani kuhusu dhambi na tamaa za moyo, lakini mfumo unaotaka kuuuza una umri wa mimi shangazi yako. Usiandike miaka elfu mbili kwenye tangazo lako. Biashara ya kumshauri mtu haina mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa, na mteja wa kwanza atakayegundua kwamba umetia chumvi atawaambia wenzake.

Mama mkwe amesema ni ramli. Mimi namjibu kwamba bado, ila inaweza kuwa. Mpiga ramli hukutazama, akachora mchangani, akakwambia wewe ni nani na kinachokusumbua ni nini, nawe unaondoka na jibu ambalo hukulitoa mwenyewe. Kocha kazi yake ni kinyume: anauliza, ananyamaza, anasubiri, mpaka mtu alifikie neno lake kwa kinywa chake. Mchoro ni ule ule mmoja. Anayeushika ndiye anayeufanya ramli au asiufanye. Sasa yatazame yale ya mchana mezani kazini: wenzako wanakuja, unawatazama, unawaambia namba. Hicho wanachokiita kipaji kinanitia hofu.

Nina sababu ya kuogopa. Miaka ya nyuma, nikiwa bado nimeajiriwa, mwajiri alituletea mkufunzi wa tabia. Haikuwa Eneagramu, ilikuwa ni rangi. Tulijaza karatasi asubuhi, na jioni kila mmoja akabandikiwa kipande cha rangi yake kifuani. Dada mmoja wa kitengo chetu alitoka bluu, mtu wa mahesabu na mkimya, asiyependa watu. Kuanzia wiki iliyofuata bosi akaacha kumpeleka kwa wateja. Ilipita nusu mwaka ndipo aliponieleza, tukiwa tunanawa mikono chooni, kwamba siku ile alikuwa na siku tisa tu tangu amzike mama yake. Bado alikuwa amevaa kanga ya msiba chini ya sweta, na hakuna aliyeiona. Mkufunzi alikuwa na karatasi 40 za kusahihisha, hakumwuliza. Nami nilikaa naye meza moja, sikumwuliza.

Ndiyo maana nakuomba uache leo, wala usingoje mwisho wa mwezi, kuwapa namba wenzako kazini. Wewe ni afisa utumishi. Mafaili yao unayo, likizo zao zinapita kwako, na wakipendekezwa kupanda cheo wewe unakuwemo chumbani. Mtu uliyemwita Sita, mwenye hofu na mashaka, utamsomaje siku jina lake likija mezani kwa kuwa msimamizi? Utasema hutaathirika. Utaathirika, mwanangu, sote tungeathirika. Na usije ukathubutu kuitumia katika usaili wa kazi. Mwaka 2021 watafiti walizipitia kwa pamoja tafiti nyingi za Eneagramu, wakakuta ushahidi uliochanganyika: mambo mengine yanaungwa mkono, mengine hayana utafiti wa kutosha, na hata idadi ya tisa yenyewe haikujitokeza kila ilipopimwa. Kifaa cha namna hiyo kinatosha kufungua mazungumzo. Hakitoshi kumnyima mtu ajira.

Sisemi hayo kwa kuidharau. Ulilia, na machozi yale yalikuwa na maana. Mtu aliyesaidia watu maisha yake yote bila kuulizwa yeye anataka nini, akikutana na maneno yanayomtaja hivyo, anapumua. Wapo wengi mjini mwako wanaohitaji kupumua namna hiyo. Wala kulipa ili kushauriwa si mambo ya kigeni kwetu. Pwani makungwi na masomo wametunzwa kwa kazi hiyo tangu enzi, na somo mwenye heshima anajulikana kwa mambo mawili: anamjua mwari wake, na hatoi siri. Kazi unayoitaka ni nzuri. Tuipigie hesabu.

Milioni sita ukizigawa kwa 30,000 ni vikao 200, vya kurudisha ada ya kozi tu, kabla hujala. Kufikia mshahara wako wa sasa unahitaji vikao 29 kila mwezi, karibu saba kwa wiki, na hapo hujalipa bando, nauli, mahali pa kukaa na mteja, wala kodi. Wateja saba kwa wiki, kila wiki, Januari ya ada na mwezi wa Ramadhani. Taja kwenye daftari majina ya watu saba ambao watakulipa 30,000 wiki hii. Usiwaweke wanaokufuata mchana, wale wanapenda cha bure. Ukifika jina la tatu ukakwama, hiyo ndiyo hali ya biashara yako kwa sasa, nayo haidai cheti, inadai wateja.

Na hicho cheti chenyewe ukichunguze. Kuzijua tabia tisa ni elimu moja, ukocha ni nyingine. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, kwa ngazi yake ya chini kabisa linadai angalau saa 60 za mafunzo ya ukocha wenyewe na saa 100 za kukaa na wateja. Kabla hujatuma hata dola moja, waulize wenye kozi: nitafundishwa saa ngapi kusikiliza, nani atanitazama nikifanya kazi, na cheti kinatambuliwa na nani? Wakikujibu kwa haraka na punguzo la bei linaloisha usiku wa leo, funga simu.

Jambo moja la sheria, kwa kuwa najua vishawishi vya kunakili. Ichazo na watu wake waliwahi kumshtaki mwandishi Helen Palmer huko Marekani kwamba amewaibia mfumo, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikawakatalia: kama umesema umegundua ukweli kuhusu binadamu, ukweli huo huwezi kuumiliki peke yako. Hivyo kuzifundisha zile tabia tisa hakuna atakayekuzuia. Lakini orodha za maswali zina wenyewe. Ile ya waandishi Riso na Hudson, yenye jozi 144 za sentensi, inauzwa. Ukiitoa fotokopi ukawagawia wateja, umeiba.

Ninavyokushauri ni hivi. Usiache kazi, na kikoba usikiguse kwa ajili ya kozi. Tafuta watu sita nje ya ofisi yako, uwape Jumamosi zako kwa miezi mitatu. Watoze, hata 5,000, maana asiyelipa hatakwambia ukweli kama umemsaidia. Kikao cha kwanza usitaje namba wala kuonyesha mchoro. Mwulize amekuja kwa lipi, umsikilize. Kuna atakayesema hawezi kumkatalia ndugu anayekopa na harudishi. Kuna atakayesema amepandishwa cheo na anaowasimamia ni rafiki zake. Hilo ndilo watu wanalolipia. Eneagramu itoe baadaye, kama itafaa, na umwache mwenyewe asome zote tisa aseme anajiona wapi. Akikosea, mwache akosee.

Ukiona miezi mitatu imeisha na wanne kati ya sita wanataka kuendelea na kuleta wenzao, sajili jina la biashara BRELA, chukua namba ya mlipakodi TRA, ufuatilie leseni halmashauri. Andika pia utakavyotunza siri za wateja, kwa sababu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na daftari lenye machozi ya watu halikai juu ya friji. Na uwe na namba za simu za watu wa kuwapelekea yaliyokuzidi. Mteja asiyelala wiki tatu na anayesema hana haja ya kuishi si namba Nne mwenye huzuni, ni mgonjwa, na Hospitali ya Mirembe iko hapo hapo Dodoma. Anayepigwa nyumbani apelekwe Dawati la Jinsia la polisi, asipewe somo la tabia.

Sasa mumeo. Mwanaume amesikia kwa mara ya kwanza kwamba mshahara wa nyumba unataka kuondoka na deni linataka kuingia. Alinyamaza. Kunyamaza kwake huenda kulikuwa kufikiri, kulikuwa hofu, au alikuwa anatafuta maneno yasiyokuumiza. Hukungoja. Ulimpigia ramli. Na katika watu wote uliotaka kuwasaidia, huyu ndiye aliyekuwa mteja wako wa kwanza, amekaa mbele yako, na hukumwuliza hata swali moja.

Usiku wa leo watoto wakishalala, zima simu, umwombe radhi kwa neno lile. Usimweleze kwa nini ulilisema. Kisha mwulize, "Baba, nilipokwambia naacha kazi, uliwaza nini?" Akinyamaza, nyamaza naye. Kaa hapo mpaka aseme, hata kama chai itapoa. Halafu uniandikie alichokwambia.