Elimu kwa Umma: Kujua Ujazo Halisi wa Injini Iliyofanyiwa Ovahoo

Kwenye barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, na ile ya Migori kwenda Isebania, Toyota Probox ni gari la kila siku. Gari hili lilitoka kiwandani na injini za petroli zinazofanana sana kwa macho, zikiwemo 1NZ-FE ya cc 1497 na 2NZ-FE ya cc 1298. Mkazi anayenunua injini iliyofanyiwa ovahoo anaweza kulipia kubwa akapewa ndogo. Maandishi ya kifuniko cha juu si ushahidi, kwa kuwa kifuniko hufunguliwa kwa spana na kuhamishwa. Neno la muuzaji ni hivyo hivyo.

Ujazo ni nafasi ambayo pistoni zote hupita zikitoka juu hadi chini. Chukua kipenyo cha silinda, ukizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 0.7854, kwa mwendo wa pistoni na kwa idadi ya silinda. Ukipima kwa milimita, gawanya jibu kwa 1000 upate cc. Kwa 1NZ-FE: 75 × 75 × 0.7854 × 84.7 × 4 ni 1,496,776, yaani cc 1497.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kipenyo cha 2NZ-FE pia ni milimita 75. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni, ambao ni milimita 73.5. Anayepima upana wa silinda pekee hatagundua lolote.

Mwendo unaweza kupimwa bila kufungua hedi. Betri ikiwa imetolewa waya, fundi atoe plagi zote na kuingiza kijiti kirefu cha plastiki kwenye tundu moja. Azungushe krenki taratibu kwa spana, aweke alama pistoni ikiwa juu kabisa, kisha ikiwa chini kabisa. Umbali kati ya alama hizo ndio mwendo. Kijiti kisimame wima sawa na silinda na kisikwame. Tofauti ya milimita 11 huonekana hata kwa rula ya shule.

Je, silinda ikichongwa? Injini ya dizeli ya 3L ya Hiace ina kipenyo cha 96 na mwendo wa 96, hivyo cc 2779. Ikichongwa na kuwekewa pistoni zilizozidi kwa milimita 0.50, ujazo hufika cc 2809 hivi, nyongeza ya asilimia moja tu. Ili ifike cc 3000 kwa krenki ile ile, silinda ingechongwa hadi karibu milimita 99.7, jambo la kumuuliza fundi kwa makini. Kuchonga hedi hakubadilishi ujazo hata kidogo. Huongeza mgandamizo tu. Slivu mpya za kipenyo cha awali nazo hurudisha ujazo ulipokuwa.

Logibuku huonyesha namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilishwa, mwenye gari anatakiwa kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), gari likaguliwe na rekodi irekebishwe. Namba iliyogongwa kwenye bloku isomwe na kulinganishwa na stakabadhi kabla ya pesa kutolewa.