SOMO LA KIKUNDI: Kuongeza Bafu Nyumbani – Tupange Njia ya Maji Kwanza



Vikundi vingi vimeanza kutumia pesa za merigo-raundi kuwaongezea wanachama bafu nyumbani. Hili ni jambo jema. Mama anayeoga gizani nyuma ya migomba hana usalama. Mzee wa fimbo akienda kuoga mbali na nyumba usiku, anaweza kuteleza akavunjika nyonga. Na mgonjwa anayeuguzwa nyumbani anahitaji kuoshwa mahali pa faragha.

Lakini bafu lililojengwa bila mpango huleta hasara. Maji hupenya chini ya ukuta wa udongo, nyumba ikapasuka. Au huteremka mpaka kisima cha jirani, na hapo ujirani mwema ukaisha.

LENGO: Mwisho wa somo hili, kila mwanachama aweze kusimama katika boma lake na kuonyesha kwa kidole maji ya kuoga yatapita wapi na yataishia wapi.

NENO: Someni pamoja Luka 14:28-30. Yesu anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Yafaa aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Kwa bafu, gharama ya kwanza si mabati wala mlango. Ni shimo la maji machafu, ambalo mgeni akija hatalisifu kwa sababu halionekani.

1. MAJI NI KIASI GANI?

Mtu akioga kwa karai hutumia kama lita 10 hadi 20. Tuseme nyumba ina watu 6, na kila mmoja anatumia lita 15. Hizo ni lita 90 kwa siku, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20. Kwa wiki ni lita 630. Mkifua nguo humo humo, ongezeni.

Maji haya yasielekezwe kwenye choo cha shimo. Shimo litajaa mapema, kuta zake zitalainika, na uchafu utasukumwa kuelekea maji ya chini ya ardhi. Pia yasiachwe yasimame uani. Mbu wa aina ya Culex huzaana katika maji machafu, na kule Pwani mbu hao hueneza ugonjwa wa matende.

2. TUCHAGUE MAHALI

Sikilizeni mazungumzo haya. Wanachama wawili wanaweza kuyaigiza:

Fundi: Mama, hii maji wacha iende tu kwa migomba. Shimo ni kupoteza pesa.
Mama: Na chini ya migomba kuna nini?
Fundi: Si ni ile kisima ya jirani.
Mama: Basi hapana, fundi. Leta kamba tupime upande ule mwingine.

Mama huyu amefanya vizuri. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima, chemchemi au mto, na liwe upande wa chini wa mteremko. Usipime kisima chako peke yake, pima na cha jirani. Kutoka msingi wa nyumba liwe mita 5 au zaidi.

Kisha jaribu udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande na 30 kwenda chini. Jaza maji, uyaache yanywewe usiku kucha. Asubuhi tia maji tena yafike kina cha sentimita 15, usimamishe kijiti chenye alama. Maji yakishuka sentimita 2.5 ndani ya nusu saa, mahali hapo panafaa. Yakichukua zaidi ya saa moja kushuka hivyo, hapafai.

Udongo mwekundu wa milimani kwa kawaida hunywa maji vizuri. Ule mweusi wa kunata, kama wa Mwea na wa tambarare za Kano, hunywa polepole sana. Hapo ni afadhali kuyagawa maji kwa mitaro mifupi kwenye migomba iliyofunikwa nyasi kavu, leo huku kesho kule, yasisimame. Umbali kutoka kisima ni ule ule.

3. SHIMO LENYEWE

Chimba mita 1 kwa mita 1, na kina cha mita 1.2. Jaza mawe ya ukubwa wa ngumi. Nafasi kati ya mawe ni kama theluthi moja ya shimo, kwa hivyo litabeba lita 400 hivi. Ile nyumba yetu ya lita 90 kwa siku inapata nafasi ya siku nne. Funika kwa karatasi ngumu ya plastiki, halafu udongo. Ukichimba ukakuta maji, simama. Chini ya shimo pawe na mita 1.5 za udongo mkavu kabla ya kufikia maji.

Kabla ya shimo, jenga kisanduku kidogo cha simiti chenye wavu wa kuzuia nywele na mapovu ya sabuni. Kisafishwe kila wiki, la sivyo shimo litaziba.

4. BAFU

Mita 1.5 kwa mita 1.5 zinatosha mtu kuoga na mwingine kumsaidia. Sakafu iwe na unene wa sentimita 10: simiti sehemu 1, mchanga 2, kokoto 4. Mifuko 2 ya kilo 50 inatosha sakafu hiyo na lipu yake ya juu. Imwagiliwe maji kwa siku 7 ndipo iwe ngumu.

Sakafu iinamie tundu la maji, sentimita 2 kwa kila mita. Kabla ya kumlipa fundi, mwaga debe moja la maji. Likibaki dimbwi, arudie. Isisuguliwe ikawa laini kama ya sebuleni. Ipigwe ufagio ingali mbichi ili isiteleze.

Usitumie ukuta wa udongo wa nyumba kuwa ukuta wa bafu. Jenga ukuta mwingine wa matofali au mawe kando yake, na paa la bafu liingie chini ya paa la nyumba ili mvua isidondokee katikati. Sakafu ya bafu iwe chini kuliko ya nyumba, maji yasirudi ndani.

Kwa ajili ya wazee weka mti au paipu ya kushikilia ukutani, na kiti cha matofali cha urefu wa sentimita 45. Mlango ufunguke kwenda nje. Mtu akianguka ndani akauegemea mlango, mtaweza kumfikia.

Kama ploti iko sokoni au mjini, ulizeni kwanza ofisi ya kaunti kuhusu kibali. Afisa wa afya ya umma naye atawasaidia kuchagua mahali pa shimo.

5. PESA ITUMIKE KWA MPANGO

Fuateni utaratibu huu: shimo na paipu, kisha sakafu, kuta, paa, mwisho mlango. Pesa zikiisha baada ya sakafu, zungusha magunia na watu waanze kuoga. Lakini ukianza na kuta pesa zikaisha, utabaki na kuta nzuri na matope ndani yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na simiti iliyokauka vile vile.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Maji ya kuoga nyumbani kwetu huishia wapi leo? Je, yanamfikia jirani?
2. Nani katika boma letu anapata shida zaidi kwenda kuoga, na bafu litamsaidia vipi?
3. Tutafanyaje ikiwa boma ni dogo na mita 30 hazipatikani? Je, majirani wawili wanaweza kuchimba shimo moja pamoja?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO: Wanachama watatu watakaopokea pesa kwanza wajaribu udongo wao kwa kile kishimo. Kikundi kitembelee kila boma kikiwa na kamba ya mita 30. Asiyejua njia ya maji yake asinunue simiti bado.

Mungu awabariki mnapojenga.