Usafi wa Kambi

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Kwa nini Mungu alijali hata kinyesi kilichoachwa wazi kambini? Kwa sababu Yeye mwenyewe alitembea humo.

Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, ukiwamo usafi. Waadventista huitunza Sabato, kisha hufanya umuganda wao Jumapili. Sabato haikuwa kisingizio cha kumwachia jirani uchafu.

Sisi je? Makambi yakiisha, nani huokota chupa za plastiki? Zikiziba mtaro, maji ya mvua huingia nyumbani kwa aliye bondeni.

Jadili: Kikundi chenu kitatenga Jumapili ipi kukusanya chupa za mtaani na kuzipeleka kwa wanaozinunua? Nani ataongoza?