Somo kwa Wamama: Rovu la Shingo, Moyo na Kupooza



Leo tunafundisha juu ya ugonjwa ambao wengi wanauita uchawi. Mtu analala mzima. Asubuhi mkono na mguu wa upande mmoja havina nguvu, kinywa kimepinda. Jirani wanasema: «Wamemloga.» Hapana, mama. Mara nyingi donge la damu limeziba mshipa wa ubongo, na damu imekosa njia.

Donge hilo linatoka wapi? Sababu kubwa ni tansio ya damu. Lakini mara nyingine mwanzo wake uko shingoni.

1. TEZI YA SHINGO
Mbele ya shingo kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Inatia homoni ndani ya damu. Homoni ni sawa mtumishi anayebeba ujumbe: inaambia mwili ufanye kazi mbio ao polepole. Tezi inaitengeneza kwa iodini, ambayo tunaipata katika chumvi. Iodini ikikosa, tezi inavimba. Ndiyo rovu.

2. HOMONI IKIZIDI
Moyo unapiga mbio, hata mama akiwa amekaa tu. Vyumba vya juu vya moyo vinaweza kuanza kutetemeka ovyo. Hapo damu haisukumwi vizuri. Inatuama kama maji ya kidimbwi, kisha inaganda. Donge likitoka humo, damu inalibeba mpaka kwenye ubongo.

3. MAMBO YALIYOONEKANA
Kule Kivu, zaidi kisiwa cha Idjwi, watu wengi walipata rovu kwa kukosa iodini. Mwaka 1996 waganga waliandika katika gazeti la The Lancet kwamba huko Kivu, kisha chumvi ya iodini kuingia, watu wengine wenye rovu la zamani lenye mafundo walizidiwa na homoni. Tezi iliyozoea njaa ilipata chakula kingi kwa ghafula.

Mwaka 1994, waganga wa Framingham, Marekani, walionyesha jambo lingine. Wazee wa miaka 60 na zaidi ambao damu yao ilionyesha alama ya homoni kuzidi, walipata ugonjwa wa moyo kutetemeka karibu mara 3 kuliko wengine, kwa muda wa miaka 10.

Basi tuache chumvi ya iodini? Hapana kabisa! Mtoto aliye tumboni anahitaji iodini kwa ubongo wake. Nunua chumvi hiyo, uifunike vizuri, uiweke mbali na jua na maji.

4. KIPIMO NI ALAMA, SI HUKUMU
Homoni ikizidi katika damu, si kusema utapooza. Ni kusema uchungwe na utibiwe. Dawa za kupunguza homoni ziko.

5. UFANYE NINI?
Ukiwa na rovu, ao ukiona moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, jasho nyingi, unakonda na huku unakula vizuri, usingizi hauji: kuja, umwonyeshe munganga. Ataugusa mkono wako, atasikiliza moyo, pengine ataomba kupima damu. Kama una mimba, mwambie mbele ya kumeza dawa yoyote. Usikate dawa wewe mwenyewe kwa sababu umepata nafuu. Na kila ukija kliniki, omba wakupime tansio.

6. SIKU YA HATARI
Mtazame mgonjwa mara moja:
– Acheke: je, kinywa kinapinda?
– Ainue mikono miwili: je, mmoja unaanguka?
– Aseme jina lake: je, maneno yanachanganyikana?
Ukiona hata moja tu, angalia saa, tafuta gari, umpeleke lopitali kubwa kama Sendwe. Usimpe maji wala dawa ya kunywa: vinaweza kuingia katika mapafu. Kama amezimia, mlaze kwa ubavu. Usingoje kesho, usipitie kwanza kwa mpiga ramli. Ubongo hauwezi kukaa bila damu. Sehemu inayokufa hairudi.

MAULIZO
a) Kwa nini moyo unaotetemeka unaleta donge la damu?
b) Kwa nini tusiache chumvi ya iodini?
c) Nani nyumbani kwako ana rovu? Utamleta siku gani?

Mama anayejua mambo haya, amfundishe jirani yake. Mungu awalinde.