Je, Hali za Maada Ni Tatu Tu?

Wanafunzi wenzangu, tangu shule ya msingi tunaimba kuwa maada ni yabisi, kimiminika na gesi. Je, orodha inaishia hapo?

Chukueni transista, kile kidude kinachowasha na kuzima umeme ndani ya kikokotoo. Ni cha silikoni, isiyopitisha umeme kama shaba wala kuuzuia kabisa kama mpira. Ndani yake elektroni hukusanyika kwenye utando mwembamba mno, hata haziwezi kwenda juu wala chini, ila pembeni tu.

Februari 1980, mjini Grenoble, Ufaransa, Mjerumani Klaus von Klitzing aliitia transista ya namna hiyo kwenye sumaku kali na baridi ya nyuzi 270 hivi chini ya sufuri. Ukinzani alioupima kutoka ubavu hadi ubavu haukupanda kama mlima, ulipanda kama ngazi! Kila kidato ni omu 25,812.8 gawa kwa nambari nzima. Gawanyeni kwa 4, mpate 6,453.2. Hata silikoni ikiwa na kasoro, jibu ni lile lile. Hiyo ni hali nyingine ya maada, na ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Leo maabara kuu hupimia omu kwa vidato hivyo.

Basi kwenye mtihani andikeni tatu mpate maksi, lakini daftari msilifunge.