Maji Yakijaa, Usiwarushe Ndege
Kijitabu kwa watazama ndege wa Hori ya Mida, Watamu

Kwa nini tumekitoa
Kila kaskazi ikivuma tunaletewa malalamiko yale yale: watu wanalikimbilia kundi la ndege ili wapige picha likiruka. Wanaofanya hivyo hudhani hawadhuru kitu. Wanadhuru.

Ndege wenyewe
Tangu Septemba hadi Aprili, kaskazini ya dunia ikiwa kwenye baridi, vitwitwi na sululu hujaa Mida. Baadhi yao wametoka Siberia. Yupo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa; huyu huzaliana pwani na visiwa vya Uarabuni, ambako hutaga kwenye shimo alilochimba mchangani. Wengi utawakuta pia kwenye mlango wa Mto Sabaki na vinamasi vyake, kaskazini ya Malindi.

Hatari inayopuuzwa
Maji yakipwa, ndege hutawanyika topeni wakitafuta kaa na minyoo. Maji yakijaa, chakula hufunikwa, nao hubanana kwenye mchanga uliobaki na juu ya mikoko, kupumzika. Ukiwarusha saa hiyo, wanatumia mafuta waliyojiwekea kwa safari ya kurudi. Wakirushwa mara kwa mara, huondoka wakiwa dhaifu, na ndege dhaifu anaweza kufia njiani. Tunasema tena: maji yakijaa, usiwasogelee.

Utaratibu
1. Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka. Fika mapema, maji yakiwa bado yanapanda, kisha tulia mahali pamoja. Maji yenyewe yatawasogeza ndege kwako.
2. Tumia daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko na kibanda kilicho mwisho wake. Beba darubini.
3. Mtazame ndege anavyosimama. Aliyetulia husimama kwa mguu mmoja, mdomo kauchomeka mgongoni. Akiinua kichwa, akashusha mguu wa pili na kuanza kutembea, umeshakaribia mno. Rudi nyuma polepole.
4. Mbwa abaki nyumbani. Droni hairushwi bila kibali.
5. Usirushe jiwe, usipige makofi, usimtume mtoto awakimbize. Hata mara moja.

Ada
Mida ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968 na inayosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Ada za raia, wakazi na wageni hutofautiana; uliza kabla ya kuingia.

Neno la mwisho
Tunajivunia waongozaji wa Mida, vijana wa hapa hapa wanaomtambua ndege kwa mlio tu. Wakikuambia simama, simama. Na ukimwona mtu anawarusha ndege, mkataze kwa upole. Asiposikia, mwarifu askari wa wanyamapori. Hakuna picha yenye thamani ya kumkatiza ndege safari yake.